Kelele Huzuia Mswada, Haziandiki Sheria

Katikati ya Februari 1994 laini za simu za Bunge la Marekani zilielemewa. Siku nenda siku rudi, aliyepigia ofisi ya mbunge wake mjini Washington alikuta laini ina shughuli, akarudia, akakuta vilevile. Waliozijaza laini hizo walikuwa kina mama na kina baba wanaosomesha watoto wao nyumbani, na makadirio ya simu walizopiga yanaanzia laki nane hadi milioni moja. Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Wiki ile zilimzuia.

Mzozo ulitokana na kifungu kimoja ndani ya H.R. 6, mswada mrefu wa kuhuisha sheria ya shirikisho inayogawa fedha za elimu kwa majimbo. Mswada ukiwa bado kwenye kamati, mbunge wa California, George Miller, alichomeka sharti kwamba kila jimbo lithibitishe walimu wake wa kudumu wana cheti cha somo wanalofundisha. Miller alisema hakuwalenga wazazi. Lakini mawakili wa Home School Legal Defense Association, chama cha kutetea familia hizo kinachojulikana zaidi kwa herufi za HSLDA, waliusoma mswada kwa jicho la kortini. Waliona tafsiri ya shule humo ni pana, inaweza kuzimeza hata shule binafsi. Na katika baadhi ya majimbo nyumba ambamo mzazi anafundisha huhesabiwa kisheria kuwa shule binafsi. Kwa usomaji huo, mama anayemfundisha mwanawe hesabu na sayansi jikoni angedaiwa vyeti viwili vya ualimu.

Tarehe 24 Februari wabunge walipiga kura. Kifungu cha Miller kiling'olewa kwa kura 424 dhidi ya moja, na hiyo moja ilikuwa ya Miller mwenyewe. Kisha wakaongeza, kwa kura 374 dhidi ya 53, pendekezo la Dick Armey wa Texas la kuhakikisha kwamba sheria ile haitagusa masomo ya nyumbani.

Je, hatari ilikuwa ya kweli? Wapo wazazi wa kundi hilohilo waliosema tangu wakati ule kwamba HSLDA ilikuza jambo, na kwamba chama kinachoishi kwa ada za wanachama hakikosi faida wanachama wakiogopa. Hoja yao ina uzito. Hata hivyo mwenye kazi ya kusoma miswada anajua kuwa nia ya mwandishi haiandamani na kifungu mpaka mahakamani. Kinachokwenda ni maneno yaliyopigwa chapa. Jambo ninalotaka msomaji aone hapa ni lingine. Wazazi wale walijua mswada uko hatua gani, siku ya kura ni ipi na nani ana kura. Simu milioni moja zilizopigwa siku moja baada ya kura zisingekuwa na thamani ya vocha yake.

Ujuzi huo hawakuzaliwa nao. Marekani elimu ni mamlaka ya jimbo, na sheria za kulazimisha watoto kwenda shule zilianza Massachusetts mwaka 1852 zikamalizikia Mississippi mwaka 1918. Mahakama ya Juu ya nchi iliwapa wazazi nguvu mara mbili: mwaka 1925 ilipokataa sheria ya Oregon iliyotaka watoto wote wasome shule za umma tu, na mwaka 1972 ilipowaruhusu Waamishi wa Wisconsin kuwatoa watoto wao shuleni baada ya darasa la nane. Hakuna hata kesi moja kati ya hizo iliyosema waziwazi kwamba mzazi ana haki ya kufundisha nyumbani. Kwa hiyo katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, familia nyingi zilisomesha kwa siri, watoto wakikatazwa kucheza nje saa za shule jirani asije akapeleka habari. HSLDA ilianzishwa mwaka 1983. Miaka kumi baadaye kusomesha nyumbani kulikuwa halali katika majimbo yote 50, na kazi kubwa ya kufika hapo ilifanyika kwenye mabunge ya majimbo, mswada mmoja baada ya mwingine, si kwa hukumu moja kubwa ya kumaliza yote. Ndiyo maana sheria zao zinatofautiana sana. Idaho mzazi hana haja ya kumwarifu mtu yeyote. New York anapeleka mpango wa masomo wa kila mtoto, ripoti kila robo mwaka na tathmini mwisho wa mwaka.

Idadi ya familia hizi iliruka wakati wa korona. Kwa hesabu za Ofisi ya Sensa ya Marekani, miongoni mwa kaya zenye watoto wa umri wa shule, zilizosema zinasomesha nyumbani zilikuwa asilimia 5.4 katika majira ya kuchipua ya 2020, na vuli ya mwaka huohuo zikafika asilimia 11.1. Miongoni mwa kaya za Wamarekani weusi ziliruka kutoka asilimia 3.3 hadi 16.1. Kundi ambalo zamani lilidhaniwa kuwa la Wakristo wazungu wa mashambani na wachache wenye falsafa zao limekuwa kundi la kila mtu, na wanasiasa wakaanza kuliangalia upya.

Illinois ndiko mvutano huo ulikoonekana vizuri zaidi mwaka 2025. Mwaka 1950, katika kesi ya familia moja ya Wasabato, Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua kwamba nyumba yenye mafunzo ya kweli inaweza kuwa shule binafsi. Uamuzi huo ukageuka sheria yote: hakuna kujiandikisha, hakuna mtihani, hakuna afisa wa kubisha hodi. Mwaka 2024 waandishi wa ProPublica na Capitol News Illinois walichapisha uchunguzi ulioeleza jinsi watoto wanavyoweza kutolewa shule kwa jina la kusomeshwa nyumbani kisha wakapotea machoni pa kila mtu, wakiwamo watoto waliokuwa wakiteswa. Mbunge Terra Costa Howard akaleta mswada HB 2827. Mzazi angejaza fomu ya kutangaza kwamba anasomesha nyumbani, angekuwa na cheti cha sekondari au kinacholingana nacho, na angetakiwa kuonyesha mkoba wa kazi za mtoto ofisi ya elimu ikiuomba. Mtoto wa asiyefuata angeweza kuhesabiwa kuwa mtoro, na utoro una adhabu zake.

Hapa nitapunguza mwendo kidogo, kwa sababu utaratibu wa Illinois unafaa kutazamwa kwa karibu. Kabla kamati haijakaa, tovuti ya Bunge la jimbo hufungua fomu fupi ya shahidi. Unaandika jina, anwani, kazi au taasisi yako, kisha unachagua: naunga mkono, napinga, sina msimamo. Unachagua tena: nitatoa ushahidi kwa mdomo, kwa maandishi, au nataka tu ihesabiwe kwamba nimefika. Dakika tatu zinatosha. Huhitaji nauli wala ruhusa kazini, na jumla ya fomu inaonekana kwa kila mtu, wabunge wakiwemo. Dhidi ya HB 2827 ziliingia makumi ya maelfu ya fomu za kupinga. Za kuunga mkono zilikuwa kama tone ndani yake. Maelfu ya wazazi, watoto wakiwa mkononi, walijaza korido za jengo la Bunge mjini Springfield. Tarehe 19 Machi kamati ya elimu iliupitisha mswada kwa kura 8 kwa 4 pamoja na kelele zote. Kisha ukakwama. Kikao kikafungwa mwishoni mwa Mei, na Bunge la Wawakilishi halikuupigia kura.

Kwa walioupinga huo ni ushindi. Mimi nasita. Mwaka 2018 Ofisi ya Mtetezi wa Watoto ya Connecticut ilichunguza watoto 380 waliotolewa shuleni kwenda kusomeshwa nyumbani katika wilaya sita, ikakuta asilimia 36 yao wanatoka familia ambazo angalau mara moja zilishawahi kuripotiwa kwa idara ya watoto kwa tuhuma za kudhulumu au kutelekeza. Takwimu hiyo haisemi kwamba wazazi hao walikuwa na hatia, wala haisemi kwamba kusomesha nyumbani kunazaa ukatili. Inasema jambo dogo na zito zaidi: mlango ambao mzazi mwema anapitia ni uleule anaopitia mzazi mwovu, na jimbo halina mtu pale mlangoni. Mwaka 2013 watu wazima waliosomeshwa nyumbani utotoni walianzisha chama chao, Coalition for Responsible Home Education, kudai uangalizi kidogo. Tazama nani anajaza fomu za Illinois: mzazi anajaza, mwalimu anajaza, chama kinajaza. Mtoto mwenye umri wa miaka tisa hajazi, na yule ambaye angekuwa na la kusema ndiye hasa aliyefungiwa ndani. Wingi wa fomu unapima nguvu ya waliojipanga. Hauwezi kupima zaidi ya hapo.

Ubaya mwingine wa ushindi wa namna hii ni kwamba haubakizi kitu kitabuni. Illinois bado inaendeshwa kwa hukumu ya mwaka 1950. Uingereza wameyaona haya zaidi ya mara moja. Ripoti ya Graham Badman ya Juni 2009 ilipendekeza rejista ya watoto wanaosomea nyumbani. Wazazi wakapigana, na Aprili 2010 vipengele hivyo vikatupwa katika harakaharaka za kumaliza miswada kabla ya uchaguzi mkuu. Rejista ikarudi katika mswada wa 2022, ukaachwa. Desemba 2024 serikali nyingine, ya chama kingine, ikaileta tena. Watoto wa wengi waliopiga kampeni dhidi ya Badman sasa ni watu wazima.

Kwa hiyo mfano ninaoupenda si ule wa simu milioni. Ni Pennsylvania, mwaka 1988.

Huko sheria ilisema mtoto anaweza kufundishwa na mwalimu binafsi mwenye sifa stahili, bila kueleza sifa stahili ni zipi. Jimbo lina wilaya za shule zipatazo 500, kila moja na mkuu wake, na kila mkuu alikuwa na tafsiri yake. Mkuu wa huku aliridhika na barua, wa ng'ambo ya mto aliwapeleka wazazi kortini. Mwaka 1988 mahakama ya shirikisho iliamua katika kesi ya Jeffery dhidi ya O'Donnell kwamba sheria ile haieleweki kiasi cha kukiuka Katiba. Wazazi wangeweza kukaa wakashangilia. Walifanya jambo la busara zaidi: walikuwa tayari na mswada. Mbunge Joseph Pitts aliubeba, wazazi wakazunguka ofisi za wabunge Harrisburg pamoja na watoto wao, na Desemba 1988 gavana akautia saini ukawa Sheria Na. 169. Wanandoa Howard na Susan Richman, waliokuwa ndani ya harakati hizo, waliandika kitabu kizima kuhusu safari ya mswada huo, na ningependa kila anayetaka kushawishi Bunge akisome.

Ndani ya sheria hiyo unaona mapatano. Mzazi anaapa mbele ya mthibitishaji wa nyaraka na kupeleka hati kabla ya Agosti mosi. Ana cheti cha sekondari. Anafundisha siku 180, au saa 900 kwa shule ya msingi na 990 kwa sekondari. Anatunza kumbukumbu na mkoba wa kazi za mtoto. Mtoto anafanya mtihani wa kulinganisha akiwa darasa la tatu, la tano na la nane, na kila mwaka mtathmini mwenye sifa, kama mwalimu mwenye leseni au mwanasaikolojia, anamhoji mtoto uso kwa uso. Tena nyumba ambayo mtu mzima ndani yake amehukumiwa kwa makosa fulani mazito katika miaka mitano iliyopita haiwezi kuendesha masomo hayo.

Wazazi wengi waliona masharti hayo ni mazito. Yalikuwa mazito. Lakini yalikuwa yao, walishiriki kuyaandika, na yaliwapa kitu ambacho mkuu wa wilaya hawezi kuwanyang'anya kwa kuamka vibaya. Baada ya miaka 26 ya utekelezaji bila mbingu kuanguka, walirudi Bungeni, na mwaka 2014 Sheria Na. 196 ikawapunguzia mzigo: mkoba haupelekwi tena kwa mkuu wa wilaya, inatosha hati ya mtathmini, na diploma inayotolewa nyumbani ikatambuliwa. Mtu aliyeanza kwa kukubali kuangaliwa ndiye aliyekuja kuaminiwa.

Wanaodhani mahakama ni njia fupi waitazame Ujerumani. Familia zilizokataa shule huko zilikwenda mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na mara mbili, mwaka 2006 na Januari 2019, zikarudi mikono mitupu. Katika shauri la pili watoto walikuwa wamewahi kuondolewa nyumbani kwa muda. Na wanaodhani kikao cha kukusanya maoni kinatosha waitazame Afrika Kusini. Mswada wa kurekebisha sheria za elimu ya msingi, uitwao BELA, ulitolewa kwa maoni ya umma Oktoba 2017, kamati ikazunguka mikoa yote tisa, na Rais Ramaphosa akautia saini tarehe 13 Septemba 2024. Ulikuwa na vipengele vipya vya kusajili masomo ya nyumbani. Nchi nzima ilibishana kuhusu vifungu vya 4 na 5, udahili na lugha ya kufundishia, na familia za nyumbani zikamezwa na ugomvi wa wengine.

Sasa nyumbani kwetu. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya, Na. 14 ya 2013, kinamtaka kila mzazi ahakikishe mtoto wake anahudhuria shule, au taasisi nyingine iliyoidhinishwa na kuainishwa na Waziri. Anayekiuka anatenda kosa lenye faini, kifungo, au vyote viwili. Kusomesha nyumbani hakukutajwa, si kwa kuruhusiwa wala kwa kukatazwa. Familia zinazofanya hivyo zipo hata hivyo, baadhi kwa mtaala wa Cambridge, baadhi kwa ule wa Kikristo wa ACE, na nyingi kati yao zinaishi kama zile za Marekani miaka ya 1970: hazijasajiliwa, na usalama wao unategemea chifu ni nani. Mwaka 2019, baada ya mzazi mmoja wa magharibi mwa Kenya kukamatwa, suala lilipelekwa Mahakama Kuu likiegemea haki ya dini, ya familia na ya mtoto.

Sikubaliani na wanaolaumu machifu. Kila Januari wao na wazee wa Nyumba Kumi wanapita mlango kwa mlango kutafuta watoto ambao hawajaripoti shuleni, na wanaowapata hawako kwenye dawati la nyumbani na kitabu cha fizikia. Wanamkuta msichana wa miaka kumi na miwili akilea mtoto wa mtu mjini, mvulana akichunga mbuzi wa baba yake, binti ambaye mahari yake imeshajadiliwa. Kifungu cha 30 kiliandikwa kwa ajili ya hao. Mbunge wa Kilifi au Turkana akisikia "mzazi awe huru kusomesha nyumbani", anachosikia ni mwanya wa kuwarudisha watoto hao machungani. Mzazi wa Nairobi anayekwenda kwenye kamati na hotuba ya uhuru peke yake, iliyoazimwa Texas, atasikilizwa kwa adabu na kusahauliwa kabla ya chai. Marekani simu milioni zilitosha kwa sababu wapiga kura hao wapo katika kila jimbo la uchaguzi. Kwetu familia hizi ni chache na zimetawanyika; hazina wingi wa kumtisha mbunge hata mmoja. Silaha waliyo nayo ni maandishi.

Na milango ya maandishi ipo. Ibara ya 118 ya Katiba ya Kenya inalilazimisha Bunge kushirikisha umma katika kutunga sheria. Mswada ukishasomwa mara ya kwanza huenda kwenye kamati, na Karani wa Bunge hutangaza magazetini kwamba maoni yapokelewe kufikia siku fulani. Tangazo hilo huwa safu ndogo yenye namba za miswada, wengi hulipita wakienda kwenye michezo. Maoni yanayofanya kazi pale si barua ya kurasa kumi. Ni jedwali lenye safu tatu: kifungu kilivyo, kinavyopaswa kusomeka, na sababu. Mwandishi wa ripoti ya kamati anaweza kulinyanyua jedwali hilo kama lilivyo. Barua ya uchungu hana mahali pa kuiweka.

Mlango wa pili ni Ibara ya 119: mtu yeyote anaweza kuliomba Bunge litunge, lirekebishe au lifute sheria, asisubiri serikali ilete mswada. Sheria ya mwaka 2012 kuhusu utaratibu wa maombi hayo inaeleza yote. Ombi liwe kwa Kiingereza au Kiswahili, kwa lugha ya heshima. Liseme umejaribu mamlaka gani kwanza na ulijibiwa nini. Liwe na jina, anwani, namba ya kitambulisho, na saini au alama ya kidole gumba. Lina sharti jingine ambalo wengi hulikuta wakiwa wamechelewa: useme kama suala lenyewe liko mahakamani. Anayeanza na kesi anakuwa ameupa uongozi wa Bunge sababu nzuri ya kumwambia asubiri. Kwa maoni yangu hapo ndipo mkakati wa familia za Kenya ulipoteleza. Mahakama inaweza kusema kifungu kimevunja Katiba au hakikuvunja. Haiwezi kukaa chini ikaandika mtathmini awe nani na fomu ipelekwe wapi.

Upo mlango wa tatu, mwembamba kuliko yote na pengine wa karibu zaidi. Sheria yenyewe imempa Waziri uwezo wa kuidhinisha "taasisi nyingine" na uwezo wa kutunga kanuni. Kanuni hazihitaji mswada. Chini ya Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013 anayetunga kanuni anatakiwa kushauriana na watakaoguswa nazo, kisha aziwasilishe Bungeni zichunguzwe. Kundi la wazazi hamsini lenye rasimu safi ya kanuni linaweza kubisha hodi Jogoo House, makao ya Wizara ya Elimu, kesho asubuhi.

Tanzania iko nyuma kidogo ya hapo. Sheria ya Elimu, Sura ya 353, inalazimisha mtoto aliyefikisha miaka saba aandikishwe na ahudhurie shule ya msingi, na Sera ya Elimu ya 2014, Toleo la 2023, imeongeza muda wa elimu ya lazima hadi miaka kumi. Hata hivyo dola hiyohiyo inamruhusu mtu asiyepita sekondari kufanya Mtihani wa Maarifa, maarufu kama QT, kisha akafanya wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Maana yake Baraza la Mitihani linakubali kwamba elimu inaweza kupatikana nje ya darasa, ila halikubali kwa mtoto mdogo. Kamati za Bunge Dodoma hualika wadau miswada inapofika, na muda unaotolewa mara nyingi ni siku chache, wakati mwingine mswada ukiwa umekuja kwa hati ya dharura. Asiye na maoni yaliyoandikwa tayari hana la kupeleka.

Ningekuwa ninaandika rasimu hiyo ya Kenya, ningeifanya fupi. Mzazi aiarifu ofisi ya elimu ya kaunti ndogo mara moja kwa mwaka na ataje mtaala. Mwalimu aliyesajiliwa na Tume ya Utumishi wa Walimu (TSC), asiye ndugu, amtathmini mtoto kila mwaka kwa kukaa naye na kuzungumza naye. Nyumba yenye shauri la ukatili dhidi ya mtoto isisajiliwe mpaka shauri liishe. Baraza la Mitihani la Kenya (KNEC) litenge vituo vya mitihani kwa watoto hawa, maana usajili wa watahiniwa umejengwa juu ya shule na asiye na shule anabaki kuomba hisani ya mwalimu mkuu. Mzazi aliyefanya hayo awe ametimiza Kifungu cha 30, na chifu akifika aonyeshwe hati, basi. Sharti la tathmini litawaudhi baadhi ya wazazi. Ndilo litakalompa mbunge wa Turkana ujasiri wa kupiga kura ya ndiyo, kwa sababu mtoto anayechunga mbuzi hana mtathmini.

Kikosi kazi cha Rais kilichoongozwa na Profesa Raphael Munavu kilipendekeza mwaka 2023 sheria za elimu zipitiwe upya, kwa hiyo kazi ya kurekebisha Sheria ya 2013 iko mezani. Wazazi mnaosomesha nyumbani, kaeni wikendi moja, andikeni vifungu vyenu na jedwali lake la safu tatu, na mtafuteni mjumbe mmoja wa Kamati ya Elimu ya Bunge la Taifa atakayekubali kulisoma. Fanyeni hivyo kabla ya tangazo la gazetini, kwa sababu likishatoka mtakuwa na siku za kuhesabu.